Nafsi ya Kwanza

Kanuni ya kazi yangu ni fupi: usiongeze, usipunguze,
na yeyote akisema "mimi", nawe sema "mimi".
Basi asubuhi hii, jikoni kwangu Leicester,
maharage yakitokota, visikizi masikioni,
nimekuwa nesi wa Swansea mwenye mafua,
nimekuwa pia mwanamke wa Bukavu
nitakayemwita Nabintu, kwa kuwa si jina lake.
Mimi wananijua kwa namba, tarakimu sita.
Nalipwa kwa dakika.

Nesi anasoma fomu.
Umelala na wanaume wangapi?
Natafuta neno la staha. Staha nayo ni nyongeza.
Nalitua swali lilivyo.
Nabintu anacheka kidogo, kwa puani.
Wawili, anasema. Wawili, nasema mimi.
Fomu imeridhika.
Haimuulizi amelala wapi.

Hilo ningelijibu, maana vipande nimeviokota
kati ya jibu na jibu, nesi anapopiga chapa:
hoteli ya Croydon, miezi saba, dirisha lisilofunguka;
kisha basi la usiku, mfuko mweusi wa taka ndio sanduku;
chumba cha watatu juu ya duka la samaki na chipsi.
Barua ya kliniki ilikwenda Croydon.
Ikarudi. Ikaenda tena Croydon.
Pauni tisa kwa wiki,
na nauli ya kupimwa, kwenda na kurudi, tano.

Twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Leo ni siku yake ya mia sita na kumi.
Jembe limefungiwa Wizara ya Mambo ya Ndani
na akiligusa ni kosa.

Ndipo akatokea mwenye makaratasi.
Alikuwa na hita. Alikuwa na ufunguo,
na mwenye ufunguo ndiye mwenye kauli:
kondomu, alisema, ni za wanawake wasioaminika.
Ulikubali? anauliza nesi.
Kimya. Kimya nacho nakilipwa.
"Kulikuwa na baridi," nasema mimi.

Mbona hukuja mapema?

Nilikuja, nasema mimi. Novemba.
Mkalimani hakupatikana,
wakamkubali aliyenisindikiza, yeye huyo huyo.
Dada wa hapo akauliza kitu, polepole, akinitazama mimi.
Yeye akanigeukia, akasema kwa Kiswahili:
wanataka kujua kama umekula.
Nikasema ndiyo.
Baadaye sana nilijifunza lile neno, *safe*.

Nesi Eirlys ameacha kupiga chapa.
Hapo sauti yangu ilitaka kuwa yangu.
Nikameza mate, nikatafsiri mpaka nukta.

Kidonge kimoja kwa siku, anasema nesi, na utazeeka.
Nitakimezea wapi, anauliza Nabintu,
tuko watatu na droo haina kufuli.
Halafu: na wewe dada wa kwenye simu,
lafudhi yako ni ya kwetu kabisa,
unasali kanisa gani?
Hilo nalo nalitafsiri. Ndiyo kanuni.
Nesi anamhakikishia kwamba mimi si mtu wa kusema.
Namwambia Nabintu kwamba mimi si mtu wa kusema.

Kabla ya kukata, nesi anataka kujua kama ameelewa.
Sema kwa maneno yako.
Anasema. Nami, kwa Kiingereza, kwa sauti,
mtandao usije ukaimeza:
mimi nina virusi vya ukimwi.

Mwanangu Akilimali, miaka kumi na mmoja,
ambaye Kiswahili chake kinaishia "njoo" na "kula",
amesimama mlangoni na soksi mguu mmoja.
Anaitazama sufuria.
Anakitazama kijiko nilichoonjea.

Maneno mawili tu yangetosha: si mimi.
Yako ulimini, mepesi kama mate,
na kule Swansea mwanamke anafunga zipu, anatoka mvuani,
hana mwingine leo aliyesema "mimi" pamoja naye.

Napakua. Navuta kiti.
Njoo, namwambia.
Kula.